Mwambie Hibo Ulipomlaza Mtoto

Aabo,

Ndivyo tunavyoitana sote wawili, baba kwa mwana na mwana kwa baba. Nimeliona sanduku lako mlangoni, limefungwa kamba tayari. Sitakuandikia habari za baridi ya Afrika Kusini, wala namna ya kukaa na mjomba wako dukani kwake. Kaka wa mama yako ni mtu mzima, biashara atakufundisha. Mimi nina hofu moja tu. Ukiondoka kesho bila kukaa na mkeo, basi umemwacha. Wewe huenda una jina lingine la jambo hilo. Hibo hana lingine, na mama yake leo ameniambia usoni kwamba ukitoka Garissa kabla hujamwona binti yake, watakwenda kwa kadhi kudai talaka.

Naandika kwa Kiswahili, usinicheke. Miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto wa watu ngeli na insha, na wewe niliyekuzaa unaniandikia meseji za Sheng mpaka dada yako Ifrah anitafsirie. Lakini si ualimu ulionishika leo. Kwa Kisomali mimi ni mzee wa watu, nina sauti ya barazani, nina methali za ngamia na maneno ya kutuliza waliofiwa. Nikianza kwa Kisomali nitakuhutubia, nawe utainamisha kichwa kwa adabu na hutasikia kitu. Kiswahili nilijifunza shuleni, hakikunilea, kwa hiyo sikionei haya.

Zakaria wetu aliishi siku kumi na moja. Siku ya saba tulichinja mbuzi tukampa jina, na siku nne baadaye tukamzika. Hibo alikuwa kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza, yuko ndani ya arobaini, hata mlangoni hatoki. Na hata kama arobaini ingekuwa imekwisha asingekwenda, maana kwetu makaburini ni kwa wanaume. Alimtoa mtoto mikononi mwake, wanawake wakamwosha, wakamvika sanda, sisi tukampokea mlangoni tukaenda. Alichokiona Hibo ni migongo yetu tu. Tangu siku ile anakuuliza swali lile lile, umemlaza wapi, umemlazaje, na tangu siku ile wewe humjibu.

Ulikuja kwangu wiki ya tatu, unakumbuka. Ulikaa pale kwenye mkeka, ukaniambia kila ukienda kumwona anakurudisha kule kule, anaanza tena asubuhi ile tangu mwanzo, homa ilivyoanza, mtoto alivyokataa ziwa, nani alikwenda kuita gari. Ukasema, "Aabo, ni kama ananishtaki. Ni kama mimi ndiye niliyemwua." Na mimi, mzee mzima, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, nikakuambia nini? Nikakuambia jikaze kiume, siku zitapita, wanawake ndivyo walivyo. Neno hilo nalijutia kuliko yote niliyowahi kukuambia. Wewe ukalichukua ukajikaza kweli, ukaacha kwenda kwake, na sasa umejikaza mpaka Afrika Kusini.

Hakuwa anakushtaki, mwanangu. Alikuwa anatafuta mtu wa kulia naye. Mwanamke akirudia jambo mara mia hataki ulitengeneze, anataka usimame naye palepale lilipotokea. Najua hilo sasa, na nimelijua kwa gharama ambayo siombi uilipe.

Nimekuona, lakini. Usidhani sikukuona. Nilikuona nyuma ya tangi la maji, umefungua mfereji mpaka mwisho ili sauti ya maji ifunike sauti yako. Nilikuona ukimgombeza Ifrah kwa sababu ya chai isiyo na sukari, ukapiga teke birika, na msichana wa watu akabaki anaokota majani ya chai sakafuni huku hajui kosa lake. Chai haikuwa na neno. Nilikuona siku ile ile ya mazishi ukikusanya nguo za mtoto zilizokuwa hapa kwetu, na beseni lake la kuogea, na blanketi la manjano, ukagawia majirani yote kabla ya magharibi. Ulifanya kwa huruma, ulitaka Hibo akirudi asikutane nazo. Yeye aliposikia alidhani umekimbilia kumfuta mwanao duniani. Aliniuliza mimi kwa simu blanketi liko wapi. Nilimwambia sijui.

Sasa tazama. Mimi nimeona mfereji. Ifrah ameona birika. Hibo hajaona hata kimoja, ameona mume anayekuja, anakaa ukingoni mwa kiti, anatazama simu, anaondoka. Utamlaumu vipi akisema mtu huyu hakuumia?

Sasa nikuambie ya kwangu. Unajua ulikuwa na dada aliyekutangulia, Sahra, na jina hilo ndilo pekee uliloambiwa. Sikukupa zaidi kwa sababu sikuwa na ujasiri.

Nilikuwa mwalimu kijana huko Griftu, na mama yako alikuwa Hadado kwa wazazi wangu na mifugo yao. Mwaka ule mvua zilikataa mara mbili mfululizo. Shule zilipofungwa nilikwenda nyumbani, nikamkuta Sahra ameshaanza kuhara. Alikuwa na miaka minne, mtundu, ana tabia ya kunivua kofia na kukimbia nayo. Siku ya pili hakukimbia na kitu. Siku ya tatu nilimbeba kwenda kutafuta gari la kumfikisha hospitali, na akakata roho begani mwangu kabla hatujafika barabarani. Nikageuka nikarudi naye. Mama yako alikuwa amesimama nje ya aqal, kile kibanda chetu cha mikeka, na aliponiona nimegeuka mapema vile, akajua.

Tulimzika mimi na babu yako na wanaume wanne. Ardhi ilikuwa ngumu, tulichimba kwa zamu. Nilirudi jua limeelekea magharibi, nikakuta mama yako amekaa chini, ameshika kofia yangu. Akaniuliza, "Umemlaza wapi?" Basi, maneno mawili. Nikahisi nikifungua mdomo kumjibu nitaanguka pale mbele ya baba yangu na wale wanaume. Nikasema, "Mwachie Mungu." Akauliza tena, je, kulikuwa na kivuli. Nikamkaripia. Nikamwambia mbona unauliza kama mtu asiye na imani.

Ulisikia lini mtu akiuliza kivuli kwa kukosa imani? Lakini nilisema, na watu walisikia, na hakuna aliyenikataza.

Mama yako alikuwa na ulimi wa mashairi. Wewe hukumjua hivyo. Wanawake wetu wana tungo zao, buraanbur, huzitunga kwenye harusi na kwenye msiba, na yeye akizianza vikongwe walikuwa wanaacha kusuka mikeka wasikilize. Siku ya tano nikamsikia nyuma ya zizi, anaimba taratibu huku anakamua, na jina la Sahra limo ndani. Kila mstari ulikuwa unaniingia mbavuni. Nilitakiwa kukaa chini nisikilize, nilie, nimalize. Nilisimama nikamwambia aache, kumwombolezea maiti ni haramu, anamtesa mtoto kaburini. Nilitumia dini kama mtu anayetumia fimbo, na dini haikunituma. Mtume wetu mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe. Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa nawasomesha watoto hadithi hiyo. Mama yako akaacha kuimba, na sikumsikia tena akitunga hata kwenye harusi ya mdogo wake.

Huzuni yangu mimi ilitoka wapi? Ilitoka kwa punda. Tulikuwa na punda mmoja wa kubeba maji, mzee, mpole. Aligoma njiani nikampiga kwa kijiti, kijiti kikavunjika, nikampiga kwa mtungi mtupu, nikampiga mpaka akapiga magoti. Baba yangu alinitazama tu. Kesho yake nikamdanganya mama yako kwamba mwalimu mkuu ameniita Griftu. Hakuniita mtu. Shule ilikuwa imefungwa, hakuna hata mlinzi. Nilikaa wiki tatu peke yangu kwenye nyumba ya mwalimu, nikasafisha madarasa yote, nikafuta ubao uliokwisha futwa, nikapanga vitabu kwa ukubwa, halafu kwa rangi. Nilijiambia nafanya kazi. Mke wangu alikuwa Hadado katikati ya wanawake wengine na watoto wao, na hakuna mtu hata mmoja wa kumtajia jina la mwanawe.

Niliporudi alinipikia. Hapo ndipo nilipodanganyika, mwanangu, na wewe utadanganyika hapo hapo. Alinipikia, akanifulia, baadaye akakuzaa wewe, akamzaa Ifrah, tukahamia Garissa, tukajenga nyumba hii. Hatukugombana. Watu walisifu ndoa yetu. Mama yako akawa mtu wa ndiyo na hapana, chumvi imekwisha, mgeni amekuja. Nikadhani amepoa. Mwanamke akiacha kukuuliza usifurahi. Ifrah husema mama alikuwa mkimya kwa tabia. Hakuwa mkimya kwa tabia. Nilimnyamazisha mimi, na nikaishi ndani ya kimya hicho miaka ishirini na nane, nakula wali wake.

Mwaka juzi figo zilipomlemea, wewe ulikuwa chuoni, nikawa nakaa naye mchana kutwa. Alhamisi moja aligeuza uso akanitazama sana. Akasema, "Sasa niambie." Sikuuliza nini. Nikataka kumwambia, wallahi nilitaka. Nikatafuta kichwani, na aabo, sikukuta kitu. Miaka yote ile nilikuwa nimelisukuma pembeni kaburi lile kila lilipokuja, na mwisho wake limeondoka kweli. Sikukumbuka ni upande gani wa njia. Sikukumbuka nani alishuka kumpokea, mimi au ndugu yangu. Baba mzima, mwanangu wa kwanza. Kwa aibu nikabuni. Nikamwambia tulimlaza chini ya mgunga, pana kivuli kizuri, na upepo unafika.

Mama yako akanishika mkono. Akasema, "Pale hapana mgunga. Nilikwenda. Ulipokuwa Griftu, nilikwenda peke yangu. Nilikuta makaburi saba madogo, sikujua lipi ni lake. Nikawasalimia wote."

Hakusema kwa hasira, ingekuwa nafuu. Alifumba macho akalala, na hatukulizungumza tena, na baada ya siku tisa tukamzika yeye. Mke wangu alikwenda kwa Mola wake akiwa na uongo wangu kama jibu la mwisho.

Mwaka jana nilipokuaga kwamba naenda Wajir kwa mambo ya pensheni, nilikwenda Hadado. Nilitembea pale kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Hakuna makaburi saba, hakuna hata moja, mchanga umelala sawasawa na mbuzi wanapita. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, mimi niliyekaripia wengine. Nililia mpaka mchungaji mmoja akaja kuniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia ndiyo. Hayo ndiyo machozi aliyokuwa anayataka mama yako, na niliyamwaga mahali ambapo hakuna wa kuyaona. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo sikuombi ujifunze kulia. Sijui mtu hujifunzaje, na muda hatuna. Huenda wewe ni wa kunyamaza mpaka kufa, kama mimi, kama babu yako. Nakuomba jambo dogo kuliko hilo. Mwambie Hibo ulichokiona.

Kama umeanza kusahau, maana husahaulika haraka, ajabu ilivyo, nakuandikia niliyoyaona mimi, nilikuwa nyuma yako. Ni safu ya tatu ukiingia kwa lango la mashariki, baada ya kaburi la yule mzee muuza maziwa. Udongo ulikuwa mwekundu juu, chini ukawa mweupe na baridi. Wewe ndiye uliyeshuka. Ndugu zangu walitaka kushuka wakisema wewe ni kijana, ukakataa, ukavua viatu. Nilikukabidhi Zakaria, ukampokea kwa mikono miwili ingawa ungetosha mmoja. Ukamlaza ubavu wa kulia, ukamwekea kijidonge cha udongo chini ya shavu, ukakiondoa, ukakilainisha kwa vidole, ukakirudisha. Halafu ukainama ukamwambia kitu. Hakuna aliyesikia. Watu walipoondoka ulirudi peke yako ukaongeza matawi ya miiba juu, ukajichoma, na kidole chako kilivimba siku tatu ukasema ni msumari.

Hayo yote Hibo hayajui. Anadhani mwanawe alitupwa shimoni na watu wenye haraka ya chakula cha mchana. Mwambie habari ya kijidonge cha udongo. Mwambie ulichomwambia mtoto. Sauti ikikatika, iache ikatike, na usitoke nje. Usiende kutafuta maji, usishike simu, usimwambie ni qadar ya Mungu. Anajua ni qadar, ana imani kuliko mimi na wewe. Na akianza tena tangu homa ilivyoanza, mwache aanze.

Najua utakavyosema. Utasema muda umepita, kwamba atakufukuza, kwamba mama yake atakutukana mlangoni. Huenda. Mama yake ana ulimi, leo ameninyoa bila maji. Tukanwa. Utasema pia kazi itakupotea, mjomba hangoji, vijana wenzako walioenda kule wamekaa miaka mitano, sita, ndipo wakarudi na nyumba za ghorofa. Nimewaona. Nimeona na wake waliowaacha, wamekuwa wa watu wengine. Sikuzuii kusafiri. Safiri kama ni lazima, lakini uondoke ukiwa na mke. Nakuomba, Abdirahman. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe, nilizoea kuamuru, na sasa kuamuru kumenishinda.

Na kwa sababu kuomba nako sina hakika nako, nimefanya jambo jingine, na afadhali ulisikie kwangu.

Leo baada ya alasiri, ulipokwenda kunyoa, nilifungua pochi yako nikatoa kitambulisho chako. Ndiyo, nimeiba, mwalimu wa dini na Kiswahili. Unajua wewe mwenyewe kwamba gari likifika darajani askari wanateremsha kila mtu, na watu wetu bila kadi hiyo hawavuki Tana. Nikaenda nayo mpaka kwa mama yake Hibo. Baada ya kutukanwa kwa dakika ishirini nikaomba kumwona Hibo mwenyewe. Amekonda, aabo. Nikampa kadi mkononi. Aliitazama ile picha muda mrefu, kisha akaniuliza, "Adeer," ndivyo anavyoniita mimi mkwewe, "atakuja mwenyewe?"

Nikasema atakuja.

Gari lako linaondoka saa mbili asubuhi. Ukitoka hapa baada ya swala ya alfajiri utapata saa mbili nzima za kukaa naye. Ifrah nimeshamwambia asikubali ukimtuma kuifuata kadi.